JINO LIMEOZA HADI NDANI: JE, KARAFUU ITATOSHA?

Umewahi kuumwa jino usiku? Kama bado, mshukuru Mungu. Kama umewahi, hatuna haja ya kukusimulia. Unalalia shavu hili, unageukia lile, jogoo wa kwanza anawika na wewe hujapata hata lepe la usingizi.

Asubuhi kila mtu bwenini ni daktari. Mmoja anasema weka karafuu. Wa pili anasema chemsha majani ya mwarobaini usukutue. Wa tatu kasikia eti ugoro unaua mdudu wa jino. Na hakosekani yule anayesema, "Usiende hospitali bwana, watakujazia makemikali kwenye jino. Tumia vya asili, havina madhara."

Je, ni kweli? Hayo makemikali ni yapi, na yanafanya nini huko ndani? Na hivi vya kwetu, karafuu, mwarobaini na mswaki, haviwezi kufanya kazi hiyohiyo? Maswali haya si ya kijinga hata kidogo. Wanasayansi nao wanajiuliza, na wameyafanyia majaribio. Hebu tuyachambue polepole.

JINO SI JIWE

Ukilitazama jino unaona kitu kigumu, cheupe, kama kijiwe. Lakini jino ni kiungo kilicho hai. Tabaka la nje linaitwa enameli, na hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wako wote, hata mfupa haufui dafu. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na imejaa vijitundu vyembamba mno. Katika eneo la milimita moja tu ya mraba, vijitundu hivyo ni makumi ya maelfu. Katikati kabisa kuna chumba chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Tukiite moyo wa jino. Moyo huo unashuka kwa mfereji mwembamba hadi kwenye ncha ya mzizi, na hapo ndipo unapoungana na mwili.

Sasa basi, vijidudu vya mdomoni vikipata sukari vinatoa asidi. Asidi inaimomonyoa enameli kidogo kidogo mpaka jino linatoboka. Tundu likiwa kwenye enameli tu, huhisi kitu. Likifika kwenye dentini, maji baridi na peremende vinakushtua. Likifika kwenye moyo wa jino, ndipo usiku unapokuwa mrefu.

Kwa nini maumivu yawe makali kiasi hicho? Fikiria hivi. Kidole kikiumia kinavimba, maana kina nafasi ya kuvimba. Moyo wa jino umefungiwa ndani ya kuta ngumu. Ukitaka kuvimba hauna pa kwenda, unabanwa na kuta zake wenyewe. Mwishowe damu inashindwa kupita na moyo wa jino unakufa.

Hapa pana mtego, na umewanasa wengi. Moyo wa jino ukishakufa, maumivu yanaweza kukoma kabisa. Unafurahi, unasema ile dawa niliyoweka imenisaidia. Kumbe hujapona! Vijidudu vimepata nyumba yenye giza, joto na chakula, na askari wa mwili hawawezi kuvifuata, kwa sababu barabara ya damu iliyokuwa ikiwapeleka mle ndani imekufa. Vinashuka taratibu hadi ncha ya mzizi na kutengeneza jipu ndani ya mfupa wa taya. Inaweza kuchukua wiki, miezi, hata miaka.

PANYA WALIOTUFUNDISHA

Unaweza kuuliza: tunajuaje kwamba ni vijidudu vinavyoua moyo wa jino, na si lile tundu lenyewe?

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoa jibu. Walichukua panya wa aina mbili. Kundi la kwanza lilikuwa panya wa kawaida. La pili lilikuwa panya waliozaliwa na kulelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Wakawatoboa meno wote hadi kwenye moyo wa jino, wakayaacha wazi, chakula kikaingia.

Matokeo? Panya wa kawaida, meno yao yalioza ndani na kutunga usaha. Wale wasio na vijidudu, meno yao hayakufa. Yalianza hata kujijengea dentini mpya ya kuziba tundu, ingawa chakula kilikuwa kimejaa humo!

Umeona? Tundu ni mlango tu. Mwizi ni kijidudu. Kwa hiyo matibabu yoyote ya jino lililooza hadi ndani lazima yajibu swali moja: vijidudu vimeondolewa au havijaondolewa?

DAKTARI ANAFANYA NINI?

Zamani jibu lilikuwa moja: ng'oa. Siku hizi kuna njia ya kuliokoa jino, inaitwa matibabu ya mzizi wa jino. Kwa kifupi yanakwenda hivi:

1. Daktari anapiga picha ya eksirei aone mizizi ilivyo na kama kuna jipu.
2. Anachoma sindano ya ganzi usisikie maumivu.
3. Analizungushia jino kipande cha mpira mwembamba, ili mate yasiingie kwenye jino na dawa isimwagikie kooni. Ujanja huu ulibuniwa mwaka 1864 na daktari wa meno wa New York, Sanford Barnum, na mpaka leo haujapata mpinzani.
4. Anatoboa jino, anaondoa sehemu iliyooza na ule moyo uliokufa.
5. Anatumia visindano maalumu kukwangua kuta za mfereji, huku akiusafisha mara kwa mara kwa dawa ya maji.
6. Mfereji ukishakauka na kuwa safi, anauziba. Pengine anaweka kwanza dawa ya kukaa humo wiki moja au zaidi, urudi tena.
7. Mwisho jino linazibwa juu. Gego mara nyingi huhitaji pia kuvikwa kofia ili lisipasuke.

Kazi ngumu kuliko zote ni ile namba 5. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la chini mara nyingi lina mitatu, na la juu lina mitatu au minne. Mifereji yenyewe imejikunja, ina matawi na vichochoro, na ukutani kuna vile vijitundu vya dentini ambavyo kijidudu kinaweza kujificha ndani yake. Kisindano cha chuma hakifiki kote huko. Maji ya dawa ndiyo yanayofika. Kwa hiyo, bila dawa nzuri ya kusafishia, kazi nzima ni bure.

MAKEMIKALI YENYEWE NI YAPI?

Dawa inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii inaitwa sodiamu haipokloraiti. Jina linatisha, lakini unaifahamu sana. Ndiyo iliyomo kwenye ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo wengi wetu tunaiita Jik. Ndiyo, usicheke! Ila daktari wa meno anatumia ile iliyopimwa, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 6.

Ilifikaje mdomoni? Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi Ulaya walikuwa wanakufa kwa vidonda vilivyooza. Mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari wa upasuaji Mfaransa Alexis Carrel wakawa wanaviosha vidonda hivyo kwa haipokloraiti yenye nguvu ya asilimia 0.5 hivi. Watu wakapona. Madaktari wa meno nao wakaichukua.

Sifa yake kubwa ni kwamba inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inaua vijidudu, na inayeyusha nyama iliyokufa. Ukidumbukiza kipande kidogo cha nyama ndani yake, kitaanza kuyeyuka. Ndiyo maana inaweza kusafisha vichochoro ambavyo chuma hakifiki. Shika jambo hili la kuyeyusha, tutalirudia.

Ubaya je? Upo. Harufu na ladha yake ni mbaya. Ikidondokea nguo, rangi inaondoka. Ikiingia jichoni inaunguza. Na kama ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, mgonjwa anapata maumivu makali ya ghafla, anavimba uso na kuvilia damu. Ajali hii si ya kawaida, lakini hutokea. Kwa hiyo daktari anaitia polepole, bila kukandamiza.

Nyingine ni kalsiamu haidroksaidi. Hii nayo unaijua: ni chokaa iliyozimwa kwa maji! Daktari anatumia ile safi ya hospitali, anaiacha ndani ya mfereji kwa siku kadhaa kabla ya kuziba. Nguvu yake ni ukali wa besi, pH yake hufika kama 12.5, na vijidudu vingi havivumilii hali hiyo.

Ya tatu ni kloheksidini, ambayo hutumika pia kwenye dawa za kusukutulia. Inaua vijidudu vizuri, lakini haiyeyushi nyama iliyokufa. Tena ikikutana na haipokloraiti inatengeneza mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba vijitundu. Daktari makini haziachi zikutane.

Haipokloraiti nayo haiondoi vumbi la dentini linalogandamana ukutani baada ya kukwangua. Kwa kazi hiyo daktari hutumia dawa inayoitwa EDTA au asidi ya sitriki. Na asidi ya sitriki ni ileile inayofanya limau liwe chachu.

KWA NINI BASI WATAFITI WANATAFUTA VYA ASILI?

Sababu zipo, na ni za maana. Kwanza, wangependa dawa isiyounguza mgonjwa hata ikipita ncha ya mzizi. Pili, kuna kijidudu sugu kinaitwa Enterococcus faecalis. Makao yake ya kawaida ni utumbo, lakini hukutwa mara nyingi kwenye meno yaliyotibiwa mzizi kisha yakaharibika tena. Kinavumilia njaa kwa muda mrefu, na kinaweza kustahimili hata ile chokaa. Tatu, nchi zenye miti mingi ya dawa zingefaidika kama dawa zingetengenezwa kwa mali yao wenyewe.

Sasa tuvitazame hivyo vya asili kimoja kimoja.

KARAFUU. Hapa Waswahili tuna haki ya kujivuna, maana karafuu za Unguja na Pemba zimesifika duniani tangu karne ya 19, ingawa asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni kitu kinachoitwa yujenoli. Hiki kinatia ganzi na kinadhoofisha vijidudu. Na kama hukujua, daktari wa meno anakitumia kila siku! Akichanganya yujenoli na unga wa zinki oksaidi anapata uji unaoganda, unaofaa kuziba jino kwa muda au kuziba mfereji wa mzizi. Ile harufu ya karafuu unayokutana nayo mlangoni kwa daktari wa meno inatoka hapo. Lakini karafuu unayoweka bwenini inatuliza maumivu tu. Haiondoi uozo wala haifiki mzizini. Mafuta yake makali yakigusa ufizi yanaunguza, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumdhuru ini. Tena yujenoli inazuia zile dawa za kisasa za kuziba meno za rangi ya jino zisigande sawasawa.

MSWAKI. Tunausema mswaki wa mti, ule ambao kitaalamu unaitwa Salvadora persica. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza miswaki ya mti itumike kusafisha meno pale ilipo desturi. Maji yaliyotolewa kwenye mti huu yamejaribiwa maabara, na yanapunguza vijidudu kadhaa vya mdomoni. Kwa hiyo babu anayechokonoa meno kila alfajiri na kijiti chake hakosei. Ila kijiti kinasafisha nje ya jino. Ndani hakiingii.

MWAROBAINI. Jina lake linadai unatibu magonjwa arobaini. Katika baadhi ya majaribio ya maabara maji ya majani yake yamekizuia kile kijidudu sugu vizuri. Lakini usidhani kila sehemu ya mti ni salama: mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaumiza vibaya watoto wadogo waliomezeshwa.

CHAI YA KIJANI NA TRIFALA. Chai ya kijani inatokana na majani yaleyale ya chai, ila hayakuachwa yageuke meusi. Trifala ni unga wa matunda matatu unaotumika katika tiba ya jadi ya India. Mwaka 2010 watafiti wa India walichukua meno yaliyokwisha kung'olewa, wakayapandikiza Enterococcus faecalis mpaka ikatanda ukutani kama utelezi, kisha wakashindanisha dawa. Vyote viwili vilipunguza vijidudu kwa kiasi cha kuonekana. Lakini mshindi alikuwa nani? Haipokloraiti, kwa nguvu ya asilimia 5.

NONI. Tunda hili linajulikana sana visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba maji yake, yakifuatiwa na EDTA, yanaondoa vumbi la dentini kwenye ukuta wa mfereji kwa kiwango kinachokaribiana na haipokloraiti. Hayo nayo yalikuwa meno yaliyokwisha kung'olewa.

GUNDI YA NYUKI. Nyuki hupaka gundi kwenye nyufa za mzinga, na gundi hiyo huzuia vijidudu. Imejaribiwa kama dawa ya kukaa ndani ya mfereji. Tatizo ni kwamba gundi ya mahali hapa si sawa na ya pale, maana nyuki wametembelea miti tofauti. Na watu wengine inawaletea mzio.

MAABARA SI MDOMO

Unaona eh? Vya asili havikuambulia patupu. Vina nguvu ya kweli. Kwa nini basi daktari bado anashika ile chupa ya haipokloraiti?

Kwanza, kushinda kwenye sahani ya maabara si kushinda mdomoni. Kwenye sahani kijidudu kiko peke yake, uwanja wazi. Ndani ya jino viko vya aina nyingi kwa pamoja, vimejifunika utando, na vinajificha kwenye vijitundu. Dawa inayoua kimoja kwenye sahani inaweza isiufikie mwingine uliko.

Pili, ni lile jambo la kuyeyusha nyama iliyokufa. Dawa nyingi za mimea zinazotajwa hapa zinaua au zinapunguza vijidudu, lakini kwenye kuyeyusha haziifikii haipokloraiti. Ukiua mwizi ukamwachia nduguze chakula chumbani, watakuja wengine.

Tatu, kipimo. Chupa ya hospitali ukiambiwa ni asilimia 2, ni asilimia 2. Je, majani ya mwarobaini ya mvua za masika yana nguvu sawa na ya kiangazi? Ukichemsha dakika 5 na jirani akachemsha nusu saa, mmetengeneza dawa moja?

Nne, majaribio kwa wagonjwa wenyewe, yanayofuatiliwa kwa miaka kuona kama jipu limepona, ni machache sana kwa upande wa mimea.

Je, hii ina maana ya asili haina nafasi? La hasha! Wakumbuke walioumwa malaria wakapewa dawa mseto. Sehemu muhimu ya dawa hiyo ilitokana na mmea wa artemisia wa China. Mwanasayansi Tu Youyou aligundua kwamba kuuchemsha mmea kulikuwa kunaharibu dawa, akabadili njia na kutumia joto dogo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea ulikuwepo karne nyingi. Kilichouokoa ulimwengu ni kupima, kurudia na kupima tena. Labda siku moja mwanafunzi wa Wete au Kericho atafanya hivyo kwa jino. Kwa nini asiwe wewe?

Na jambo moja la kuchekesha kwa wale wanaoogopa makemikali: yujenoli ya karafuu nayo ni kemikali, fomula yake ni C10H12O2. Upande wa pili, zile nyuzi za kuzibia mifereji ya meno hospitalini zinaitwa gutapecha, na gutapecha ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini Mashariki. Kwa hiyo "asili" na "kemikali" si maadui wawili. Swali la kuuliza ni: kitu hiki kinafanya kazi? Kwa kipimo gani? Kina madhara gani?

KWELI AU SI KWELI?

"Jino likiacha kuuma limepona."
Si kweli. Huenda moyo wake umekufa na vijidudu vinaendelea. Nenda ukaangaliwe.

"Kama daktari anatumia Jik, na mimi naweza kusukutua nayo."
Hatari! Utaunguza mdomo na koo. Daktari anaitia kwa vipimo, ndani ya jino tu, huku mpira ukilinda mdomo. Na unaposafisha choo shuleni, kamwe usiichanganye na asidi au dawa nyingine. Inatoa gesi ya sumu.

"Nitameza antibiotiki, jipu litaisha."
Si kweli. Zinaweza kutuliza uvimbe kwa muda, lakini dawa inasafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Chanzo kinabaki palepale.

"Kitunguu saumu au aspirini ukiiweka kwenye ufizi inatibu."
Si kweli. Vyote viwili vinaunguza ufizi. Ukitaka kutumia aspirini humezwa, na wewe uliye chini ya miaka 16 usiitumie bila ushauri wa daktari.

"Maji ya betri yanaua mshipa."
Yanaua mpaka mdomo! Ni asidi kali. Mwenzako akikushauri hivyo, mkatalie, kisha mweleze kwa nini.

"Maji ya chumvi hayasaidii kitu."
Yanasaidia kidogo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Ufizi unatulia. Lakini jino halitibiki kwa hayo.

UFANYE NINI LEO?

Kama jino linauma usiku huu, safisha mabaki ya chakula kwa mswaki na uzi, sukutua na maji ya chumvi, na meza parasetamoli kama maelekezo yalivyoandikwa. Ukiwa na karafuu, tafuna moja taratibu upande unaouma. Hayo yote ni ya kukufikisha asubuhi tu. Asubuhi mwambie mlezi, matroni au mwalimu, uende kwa daktari wa meno.

USINGOJE ASUBUHI kama uso au shingo imevimba, una homa, mdomo hauwezi kufunguka, au unapata shida kumeza au kupumua. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Watu wamekufa kwa sababu ya jino. Hapo ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Pesa je? Tuseme ukweli. Matibabu ya mzizi yanachukua muda mrefu na ni ghali kuliko kung'oa, na si kila zahanati inayafanya. Uliza bei, uliza kama bima ya familia inalipia, uliza kama hospitali ya wilaya au ya mkoa ina huduma hiyo. Kama haiwezekani, kung'oa jino kwa daktari si aibu. Ni bora kuliko kukaa na usaha ndani ya taya miaka miwili. Kibaya ni kungoja.

Na wewe ambaye meno yako hayajatoboka? Wewe ndiye tajiri. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Ukitumia mswaki wa mti, sawa, lakini ongeza hiyo dawa. Ukimaliza tema, usisuuze sana, ili floraidi ibaki kwenye meno. Punguza vitamutamu vya kati ya milo. Chupa moja ya soda ya kawaida ina sukari kama vijiko 7 au 8 vya chai, na vijidudu vinaishangilia!

KWA KLABU YA AFYA SHULENI

Tuseme mtu amekuja kijijini na chupa ya dawa ya mitishamba. Anasema inaua vijidudu vyote vya jino, haina madhara, na hakuna haja ya daktari. Jadilianeni: mtamuuliza maswali gani? Tunawaanzishia manne:

1. Ilijaribiwa wapi: kwenye sahani, kwenye jino lililong'olewa, au kwa wagonjwa?
2. Ilishindanishwa na nini?
3. Kila chupa ina nguvu sawa? Nani alipima?
4. Inafikaje ndani ya mzizi?

Akijibu yote vizuri, msikilizeni. Akikasirika, nanyi mmeshapata jibu. Na maswali hayohayo msione haya kumuuliza daktari wa meno. Daktari mzuri hufurahi kuulizwa, na jino ni lako.